Philister Akeyo Hakwenda

Mwalimu Philister Akeyo alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Yala, kifungua mimba wa wazazi wetu. Mimi Peres ndiye kitinda mimba. Alisoma shule ya misheni, kisha akajifunza kupiga chapa.

Mwaka 1964 aliajiriwa na wakala wa safari katikati ya Nairobi. Watalii wa Uhispania walipoanza kuja, aliomba kujifunza lugha yao. Meneja akamwambia, "Wewe piga chapa tu." Philister akamtafuta mtawa Mhispania huko Westlands, akafundishwa jioni. Alianza na kitenzi cha kwenda, ambacho hakifuati kanuni: chenyewe ni ir, lakini unasema voy, vas, va: naenda, unaenda, anaenda. "Hiki hakitii mtu," aliniambia akicheka. Kufikia 1968 alikuwa akifundisha Kihispania sebuleni kwake Ngara kila Jumamosi. Aliyekosea alitolewa nje, akabisha hodi na kuingia upya akitangaza, "Voy!" Hata mimi nilitolewa.

Aliolewa na Shem Odero mwaka 1952, wakajaliwa Dalmas na Apondi. Shem alifariki mwaka 1971. Matanga yalipokwisha, shemeji yake Zadock, ndugu wa Shem, aliingia katikati ya somo.

"Shemeji, funga vitu twende nyumbani. Mtu wa kukurithi uwe mke wake tumeshapata."

"No voy," akajibu Philister, chaki mkononi.

"Hiyo ni nini sasa?"

"Ni Kihispania. Siendi."

Darasa likaangua kicheko, Zadock akaondoka bila kunywa chai. Watu walisema mkaidi hafaidi ila siku ya Idi. Philister akawaambia Idi yake ni kila Jumamosi.

Mwaka jana saratani ilimshika. Aliumia sana, nasi tuliumia kumtazama. Aliniusia, "Peres, mnizike hapa Nairobi, makaburini Lang'ata. Mashemeji wakija na gari, unajua la kuwaambia." Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 1978.

Ameacha watoto wawili, mimi mdogo wake, na wanafunzi mliojaa hapa. Amemwacha pia shemeji Zadock, ambaye gari lake linanguruma pale langoni likisubiri kubeba jeneza hadi kwao. Shemeji, zima injini, karibu utie udongo. Wewe ni wetu. Lakini dada alikujibu akiwa hai, na leo darasa lake linamjibia.

No va. Haendi.

Akae hapa alipopataka, na amani ya Mungu ikae naye.