Zawadi ya Breki

Benchi lenyewe ni ubao wa tela uliolazwa juu ya ringi mbili, pale foleni ya malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, inapopinda, na asubuhi upepo wa Tunduma ukivuma hata mwenye koti hushika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Fides alifika hapo roho mkononi, mtoto mgongoni, mfuko kwapani, maana tangu mwanawe Clever alipobanwa kifua alfajiri ile ya mvua kila kikohozi humshtua, na hata sasa alikuwa amegeuza shingo mara tatu kusikiliza kama anapumua. Alikuwa anapumua. Aliyewakimbiza hospitali, tope mpaka magotini, ni Hezron, ambaye kijiweni huitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Nauli alikataa. Leo Fides alikuja kumshukuru.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Clever! Huyu ndiye mgonjwa? Mbona ana mashavu kama diwani?

— Amepona kaka Breki, Mungu mkubwa, yaani sijui nianzie wapi, nimekuletea hii, ilikuwa ya marehemu baba, haina kazi tena lakini ni kitu, usikatae.

Akatoa kamera nyeusi, nzito, ndani ya mkoba wake wa ngozi. Baba yake, mzee Andongwisye, alipiga nayo harusi na vipaimara vya Msangano nzima, mpaka simu zilipomnyang'anya wateja.

Kwacha, mbadilisha fedha, aliinuka nusu.

— Mama, hii haitolewi bure! Mwaka juzi ng'ambo hapo zilikuwa bei ya kuku. Sasa kuna jamaa Nakonde anazinunua bei ya ng'ombe. Lenzi peke yake mbuzi wawili!

— Kwa nini lakini?

— Zebaki. Wanakamua zebaki ndani.

— Zebaki ilikuwa kwenye redio, wewe, alisema Profesa, muuza kahawa, ambaye elimu yake ni magazeti ya kufungia maandazi. Viwanda vya kamera vimefungwa. Mama akifa, yatima hulelewa kwa gharama. Ndiyo maana wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo? aliuliza Kwacha.

— Kamera ikishakauka haikunjiki. Bei inapanda.

— Mimi nasikia ni mahari, Breki akadakia. Simu inamfanya kila binti mweupe kama sembe. Wakwe wa Lusaka wamestuka, sasa wanataka picha ya mkanda, ile isiyojua kudanganya. Hakuna mkanda, hakuna ng'ombe.

— Mahari gani! alipinga Kwacha. Zinapelekwa mwezini. Simu kule haina mtandao.

— Haraka haraka haina baraka, Profesa alihitimisha, na wote wakaitikia kwa kichwa kana kwamba wameelewa.

Fides alicheka, mara ya kwanza wiki nzima, halafu hofu ikamrudia, ng'ombe mzima, na bati zinavuja, na dawa zikihitajika tena je, lakini kitu kilishatoka mkononi, na kingekuwa cha thamani hata mara kumi, mtoto si yuko mgongoni anapumua?

— Shika kamera yako, Breki alisema. Mimi nilibeba mtoto, sikubeba ng'ombe.

— Sishiki, kaka.

— Ngojeni tuione hiyo zebaki kwanza, alisema Kwacha, akaichukua, akapenyeza ukucha kwenye kifuniko cha nyuma.

— We baba! Mkanda umetolewa?

Aliyeuliza alikuwa mama mwenye beseni la parachichi kichwani, Ketrina wa Hasamba, aliyesimama kununua kahawa.

— Harusi yangu yote iliungua hivyohivyo. Shemeji alifungua aone kama picha zimeiva, mwanga ukaingia. Mpaka leo mume wangu anadai alivaa suti, na ushahidi hana.

Kwacha alitoa ukucha kama aliyegusa jiko.

— Umo, Fides alisema, na maneno yakaanza kumwagika. Umo, jamani, hakuumaliza. Siku ile Clever ana wiki moja, baba aliiweka kamera juu ya kinu, akabonyeza, ikalia zzz, akakimbia na kiatu kimoja akaja kumpakata. Yeye siku zote alikuwa nyuma ya kamera, hana picha hata moja, msibani tuliweka ya kitambulisho. Ni hiyo tu. Nilisahau, kumbe nilikuwa naigawa!

Breki aliichukua kamera, akafunga kishikizo cha mkoba, akamvisha Fides shingoni.

— Basi zawadi yangu imo humo. Mkishasafisha, nipe moja ya mzee na mjukuu, niibandike kwenye tangi.

— Asante, kaka. Asanteni. Mama, asante.

— Natotela, Kwacha naye alimwambia Ketrina, shukrani ya Kibemba cha sokoni, kwa kumzuia.

Ketrina alitua beseni.

— Sasa, siku hizi nani anasafisha mkanda?

Profesa aliinamisha birika, likatoa tone moja. Hakuna aliyeondoka. Mmoja mmoja walitoa simu, zilezile zilizomnyang'anya mzee wateja, wakaanza kupiga kumtafuta msafishaji: Mbeya, Vwawa, kwa binamu wa Nakonde.

Mgongoni, Clever alikohoa kidogo. Wote wanne waligeuka kabla ya mama yake.