Tarehe Isiyotokea Alfajiri

Kijiwe cha Rahamatou ni mbao mbili juu ya mapipa, mkabala na geti la bandari ya Hell-Ville, mji wa kisiwani kwa Wamalagasi, na sheria yake ni moja: kahawa inatoka chungu. Sukari, tangawizi na karafuu zipo, kila kimoja na kopo lake chini ya benchi, lakini kopo halifunguliwi mpaka mtu alitaje. Wateja wa siku zote hawataji. Mkono wa Rahamatou unawajua. Mgeni akinyamaza anakunywa chungu, na akaseme mama yule mchoyo, shauri yake. Asubuhi hiyo ya mwaka elfu mbili na nne, wateja wa kudumu walikuwa wawili: Chaïbou, aitwaye Pistoni kwa kuwa ametengeneza injini za pantoni maisha yake yote, na Bacar, aitwaye Mahajanga, aliyetoka mji huo mwaka sabini na saba na sanduku moja; hajasema kwa nini, wala hajaulizwa. Walikuwa wakichanganya Kimalagasi na Kikomori kama kawaida yao. Hapa yamewekwa kwa Kiswahili. Mara akaja Zaïnaba, binti wa mdogo wake Rahamatou, karani wa kompyuta kwenye ofisi ya pantoni ng'ambo ya barabara, uso umemshuka.

— Imekataa tena, mama mkubwa. Orodha ya abiria wa pantoni imetoka, majina yote yapo, mahali pa tarehe peupe.

— Siku ya ngapi?

— Ya tatu. Na karatasi isiyo na tarehe, watu wa bandarini hawaruhusu kushushwa hata kuku. Mkuu kasema kesho ikitoka hivi, kompyuta inafunikwa kitambaa, na mimi narudi ng'ambo ya bahari, Antsahampano, kukata tiketi juani.

Rahamatou alimtilia tangawizi bila kuulizwa. Alihangaika miaka miwili kumtafutia binti huyu kiti chenye kivuli; hakuwa tayari kukiona kinaondoka kwa ajili ya pengo kwenye karatasi.

— Eleza polepole, alisema, wazee hawa wapate cha kuharibu.

— Ile programu ninayoiandikia amri haianzi na kila kitu. Kuna vipande vya ziada, moduli. Vipo kwenye diski, vimelala. Ukitaka kimoja unakiita kwa jina, tena unachagua ndani yake: nipe uwezo huu, ule mwingine ukae. Mimi naitumia moduli ya saa, na ndani yake nimechukua ule uwezo wa kuandika tarehe tu. Mchana nikiiendesha mwenyewe, tarehe inatoka. Alfajiri ikijiendesha yenyewe, inasema amri hiyo haiijui.

— Baridi, alisema Pistoni. Hata dizeli ukiishtua alfajiri inakohoa.

— Hell-Ville baridi iko wapi? aliuliza Rahamatou.

— Ndani ya chuma, mama.

Mahajanga alipuliza kahawa yake ya karafuu.

— Mashine yenyewe ilitoka wapi?

— Réunion. Ilishatumika.

— Basi. Kule saa imetangulia. Haijui iandike tarehe ya nani.

— Ingeandika ya huko, mjomba. Hii haiandiki kitu.

— Ilikuwa ofisi gani?

— Ya mwandika mikataba.

— Enhe. Hiyo haitii tarehe bila mashahidi wawili. Mchana uko wewe na mkuu wako. Alfajiri nani anashuhudia?

Pistoni akakubali, na kwa wawili hao kukubaliana Rahamatou alijua wamepotea kabisa.

— Labda moduli imefutwa, alimwambia binti.

— Ipo. Nimeiona kwa macho.

— Sanduku langu nalo lilikuwepo, alisema Mahajanga. Siku ile. Ufunguo ndio uliobaki nyumbani. Nililibeba mwezi mzima sijui lina nini.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mwanamke wa kijiji cha Ambanoro, Hayrat, na kapu la samaki wakavu, amekunja uso juu ya kikombe.

— Mama, sukari huna?

— Ninayo.

— Mbona huyu umempa tangawizi hajasema?

— Huyu namjua. Wewe hukutaja.

Hayrat alikoroga sukari yake, kisha akamgeukia Zaïnaba.

— Na wewe, dada, mchana moduli yako unaitaja?

— Sitaji. Niliandika mstari kwenye faili. Nikikaa nikafungua programu, faili inasomwa, naikuta tayari.

— Na alfajiri, kitini hakuna mtu. Anaitaja nani?

Zaïnaba akaweka kikombe chini kikiwa nusu, akavuka barabara bila kuaga.

Kesho yake pantoni ilipofunga kamba, Rahamatou aliacha birika likachemka ovyo. Ofisa alisoma karatasi mpaka chini, akarudi juu, akagonga muhuri. Kuku wakaanza kushuka. Zaïnaba akaja mbio.

— Faili ile husomwa mtu akikaa kuandika tu. Mstari nimeutia ndani ya kazi yenyewe ya alfajiri. Sasa inajitajia.

— Nilisema ipashwe moto, alisema Pistoni.

— Shahidi mmoja katosha, alisema Mahajanga.

Rahamatou hakuwasikiliza. Kopo la karafuu lilikuwa mkononi, kijiko kimeshaelekea kikombe cha Mahajanga kama kila siku kwa miaka ishirini na saba. Alikisimamisha.

— Bacar, karafuu unaipenda?

Mzee alifikiri.

— Hapana, alisema.