Jani Lililokuja Ndani ya Boksi la Ndizi

Bwana asifiwe, Kirua! Hapana, hapo mmeitikia kwa adabu tu. Bwana asifiwe, jamani! Haya, sasa nimesikia. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji amenipa dakika chache, na mama yangu ameshanikonyeza pale kwamba nisiropoke. Mkiniona nababaika mnivumilie, maana hata hiki nilichokuja kukisema sijakielewa chote. Mimi ni Eliakimu, mtoto wa Mzee Elingaya, mzee wa kanisa wa mtaa huu. Yule pale kiti cha mbele, anayejifanya anatafuta miwani.

Ndugu zangu, wengi wakisimama hapa husema walikuwa gizani, kisha wakaona nuru. Mimi sikuwa gizani. Nilikuwa kwenye taa nyingi mno, kila moja inaniita njoo huku!

Nasoma upimaji wa ardhi, chuo cha serikali, Dar es Salaam. Chumbani tuko wanne. Hamisi wa Tanga, Mwislamu, mtu wa swala tano. Marwa wa Tarime, Msabato, Jumamosi humwambii kitu. Gidioni wa Kahama, kiongozi wa maombi pale hosteli, mtu wa moto kweli kweli. Na mimi, Mlutheri wa mlimani, niliyebatizwa nikiwa mtoto mchanga. Gidioni akaniambia ule haukuwa ubatizo, niliogeshwa tu. Marwa akaniambia hata siku ya kusali nimekosea. Hamisi hakuniambia kitu, ila nilipomwona anaamka kusali kila siku bila kuamshwa, nikajiuliza mimi naamshwa na nani. Jamani, nilichanganyikiwa! Napima viwanja vya watu hadi kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka, mwenyewe sijui nimesimama wapi.

Siku ya Idd Hamisi alinichukua kwa shangazi yake kula pilau. Yule mama akasema hakuna kijana anayekaa kwake siku ile bila kanzu, akanivika ya Hamisi. Tukapigwa picha tunacheka. Picha ikakaa miezi bila neno. Siku yangu ya kuzaliwa, mwanzoni mwa Desemba, Hamisi akaitundika mtandaoni kunipongeza. Kabla jua halijazama iko kwenye kundi la ukoo! Habari ilipofika Himo nilikuwa nimeshasilimu, ilipofika hapa juu nilikuwa nimeshapewa na jina, Abdallah. Baba hakunipigia. Hakuniuliza. Akakaa na lile neno hadi Krismasi.

Krismasi huku kwetu mnaijua wenyewe. Watoto wa mlima tunarudi kutoka kila kona, mbuzi anachinjwa, na kila mtu ana fungu lake la nyama kwa nafasi yake. Siku ile baba ndiye aliyegawa. Akaita baba wadogo, akaita kaka zangu mmoja mmoja. Ikafika zamu yangu, nimeshanyoosha mikono. Baba akafuta kisu kwenye jani la mgomba, akasema, "Wanangu wote wameshapata."

Mikono yangu nilishindwa hata kuishusha. Mbele ya ukoo mzima! Asubuhi yake nikashuka Himo nikapanda basi bila kuaga.

Huko Dar kila mtu akawa na maelezo yake. Gidioni akashangilia. "Nyama ile ilikuwa ya mizimu, Mungu amekuepusha!" Hamisi aliumia zaidi yangu. "Kanzu ni yangu, Eli. Acha nimpigie mzee nimweleze." Nikamwambia, "Thubutu! Ukimpigia wewe ndiyo utanimaliza kabisa." Mimi sikupiga simu nyumbani, na moyo wangu ukawa mgumu. Nikiimba naimba, nikisali nasali, lakini nikifika "utusamehe makosa yetu" naruka mstari. Nikafikiri labda hili kanisa si langu tena. Na kama si langu, langu ni lipi? Sikujua, ndugu zangu. Sikujua!

Mwezi wa pili mama akanitumia mzigo kwa basi. Boksi, ndizi juu, maparachichi katikati. Chini kabisa, ndani ya gazeti, kulikuwa na jani la isale. Nikakaa kitandani nimelishika.

Ninyi ndugu mliohamia huku kutoka mikoani, mnaofanya kazi kwenye miwa huko chini, niwaeleze. Isale ni haya majani marefu ya kijani mnayoyaona yamepandwa kwenye mipaka ya vihamba, haya mashamba yetu ya migomba. Huku mlimani, mtu akikukosea hadi maneno yakamshinda, anakuletea jani hilo. Maana yake ni nisamehe. Na jani hilo halikataliwi, hata kama aliyekuletea alikuchomea nyumba! Kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Baba kumpelekea mtoto wake, tena mzee wa kanisa, mimi sijawahi kusikia.

Gidioni akaliona. "Hili la nini?" Nikasema la nyumbani, lina maana yake. "Linapandwa wapi?" Nami kwa ujinga nikajibu, "Kwenye mipaka. Na kwenye makaburi ya wazee."

Ayayaya! Neno makaburi lilipotoka tu, watu wa maombi wakajaa chumbani. Wakanena kwa lugha, wakaweka jani dirishani chini ya tofali, wakasema Ijumaa watakuja kulichoma. Eti nikilipokea, nimefunga agano na wafu. Basi, nifanyeje? Nikilipokea namkana Kristo. Nikilichoma namkataa baba yangu, na ninakataa kitu ambacho tangu mlima uwepo hakikataliwi. Asubuhi naomba nguvu ya kulichoma, mchana naomba nguvu ya kulishika. Mungu mwenyewe nadhani alikuwa anasubiri niamue ombi moja! Nikamuuliza Marwa. Akasema hilo jani hajaliona kwenye Biblia, akageukia ukutani akalala.

Mama akapiga simu.

"Mzigo umefika?"

"Umefika, mama."

"Umeuona wote? Hadi chini?"

"Nimeuona."

Akangoja. Akasema, "Baba yako tangu Krismasi hajaenda kwenye meza ya Bwana. Watu wakipanga mstari, yeye anatoka nje anasimama kwenye mlango kama mgeni. Anasema hawezi kula na Bwana wakati mtoto wake hajamjibu." Akakata simu.

Ijumaa ikafika. Hamisi alitoka kuswali, bado ana kofia kichwani, akanikuta natazama lile tofali. Akakaa. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza wiki nzima.

"Eli, hili jani kwenu linasema nini?"

"Linasema nisamehe."

"Nani anasema?"

"Baba."

Akanitazama hivi. "Sasa ndugu yangu, mzee wako kakuomba msamaha, wewe unauliza kama jani ni halali?"

Ndugu zangu! Nililia kama mtoto. Bwana alinifungua pale pale, chumbani, juu ya boksi la ndizi! Mimi nilidhani nimefungwa na dini za watu, na vijana wenzangu, na jiji. Kumbe nilikuwa nimefungwa na mikono yangu mwenyewe, ile iliyobaki imenyooka kwenye nyama! Nikasema, "Yesu, mengine yote sijayaelewa, lakini hili la kumsamehe baba nimelielewa. Nimemsamehe." Jamani, nilisikia mzigo unashuka! Haleluya! Hamisi akatoa tofali, akaliweka jani kwenye chupa ya maji.

Gidioni akaja na kiberiti na watu wake. Nikamweleza yote, naye akarudisha kiberiti mfukoni. Hakukubaliana nami, na mpaka leo hakubali. Lakini niliposafiri juzi alinibebea begi hadi stendi, akaniombea njia nzima, na kwa sauti yake ile kubwa, stendi nzima iliombewa.

Sikutaka kumjibu baba kwa simu, nikangoja likizo ya Pasaka. Nimefika juzi. Baba alikuwa kihambani anakata majani ya ng'ombe. Nikasimama mbele yake nimelishika lile jani kwa mikono miwili. Akavua kofia.

"Lilifika?"

"Lilifika, baba."

"Umelipokea?"

"Nimelipokea."

Baba yangu, mnayemwogopa ninyi nyote kwenye vikao, akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe akalia. Akasema, "Aika, mwanangu. Asante." Mama akatuita jikoni. Akapanda darini, juu ya moto, kule tunakokaushia mahindi, akashusha kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba lililokauka. Fungu la mbavu, jeusi kwa moshi, gumu kama soli ya kiatu.

"Fungu lako la Krismasi," akasema. "Baba yako alilitundika mwenyewe jioni ile ile. Alikuwa anangoja ukiamka akupe, ukawa umeshashuka Himo."

Tulilichemsha nusu siku nzima na halikulainika. Tukalila hivyo hivyo, taya zinauma, tunacheka.

Ndugu zangu, msiniulize kama jani lile ni la kanisa au si la kanisa. Mchungaji yupo, muulizeni yeye. Msiniulize Gidioni alikosea wapi, wala kwa nini Bwana alimtumia Hamisi kunisemesha. Sijui! Natoka hapa bado nina maswali kichwa kizima. Lakini kama kuna mtu hapa amekuletea jani lake, au simu yake, au amesimama tu mlangoni kwako ameinamisha kichwa, usikae kumchunguza. Mtegemee Yesu, nyoosha mkono upokee. Kuelewa kutakuja baadaye, na kusipokuja, utakuwa umeshampata mtu wako.

Nimshukuru Mungu, niwashukuru ninyi. Leo ni Pasaka, na meza ya Bwana naiona pale imeshaandaliwa. Baba, acha hiyo miwani. Simama, twende.