Kukatwa Tumbo

Biasha alipaswa kushuka Tiwi, lakini tuktuk ilipopita kituo chake alinyamaza. Mambo yaliyosemwa ubavuni mwake hayakuwa ya kuachwa njiani.

"Mungu kakupa tumbo zima, nawe wataka likatwe!" alifoka mama mmoja wa makamo, ambaye hata jina la binti aliyemfokea hakulijua. "Na usipoamka kwenye hiyo dawa ya usingizi? Wanao utamwachia nani?"

Binti mnene aliyekaa katikati alimgeukia. "Mama, nina sukari, nina presha. Nimejinyima, nimetembea, mizizi yote nimekunywa, unene haupungui. Umri huu naswali kitini kama ajuza, magoti hayakubali nisujudu. Hiyo nayo si hatari?"

"Na harusini je? Utakaa kwenye sinia na wenzio, ule matonge mawili uinuke? Watasema waringa!"

"Hao hao wanaonirundikia pilau, nikiwapa mgongo wananicheka! Leo ndio waniamulie?"

Biasha, ambaye hajawahi kuinuka kwenye sinia likiwa na kitu, aliona wote wawili wana haki, jambo lililomkera sana.

Tuktuk ilisimama. Mama alishuka akinung'unika, kisha akashika mlango. "Wakukata lini?"

"Alhamisi."

"Nani atakaa nawe hospitali?"

"Hakuna. Mume wangu amekataa, na ndugu zangu wanamfuata yeye."

Mama alifyonya, uso umemwiva kwa hasira. Dereva akamwambia aachie mlango, naye hakuuachia.

"Mimi pia nimekataa," alisema. "Wodi gani?"