Mstari Niliokuwa Nautafuta

Ndugu zangu, hii ni mara ya tatu naitwa mbele ya kikundi hiki cha sisi tuliofiwa. Mara mbili za kwanza nilisema nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Hamjambo nyote? Asanteni. Mtaniruhusu nishike hii meza nikizungumza, na nikinyamaza kidogo msinipigie makofi ya kunitia moyo. Ningojeeni tu.

Mimi ni mchoraji. Wale mlio na watoto shuleni pengine mmeona kazi yangu bila kujua. Yule mama anayepalilia mahindi kwenye kitabu cha darasa la nne ni wangu. Meno ya ng'ombe, mzunguko wa mvua, mtoto anayenawa mikono, vyote nimevichora mimi, kwa penseli na wino, nikiwa nyumbani Waithaka, halafu napeleka mjini kwa ofisi moja ya vitabu. Kazi hiyo ilitulisha mimi na mume wangu na binti yetu mmoja. Majina sitataja, hata la marehemu. Wenye kumjua wanamjua.

Mume wangu alikuwa karani. Miaka ya elfu mbili ilikuwa inaanza anza tu wakati figo zilipomwangusha. Tukawa watu wa kupanda hospitali ya Upper Hill kila siku kumwona wodini. Na yeye alikuwa na utani wake. Alikuwa akisema nimechora wakulima wote wa Kenya na walimu wote na madaktari wote, lakini yeye, mwenye nyumba, sijamchora hata siku moja. Namwambia atulie kwanza, mtu hatulii nitamchoraje.

Sasa siku moja alasiri nikamkuta ametulia. Amelala. Nilikuwa na karatasi kwa mkoba, nikasema basi leo ni leo.

Nikaanza na paji la uso. Nikashuka kwenye pua, nikaja sikio, nikaja ndevu, maana walikuwa hawajamnyoa siku mbili. Nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Kuna siku mkono unakubali, na siku hiyo mkono wangu ulikubali kila kitu. Wodi ilikuwa kimya, nasikia tu penseli ikikwaruza karatasi, kwaru, kwaru. Nikachora shuka, mikunjo yake yote, kwa sababu kitambaa hunipendeza. Nikaweka hata sahihi yangu pale chini.

Ndipo muuguzi akaja kumpima. Akamshika kifundo cha mkono. Akamshika shingoni. Halafu akageuka akanitazama, na akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Mama, amelala hivi tangu saa ngapi?"

 Hata leo sijui.

Yule muuguzi alikuwa mtu mzuri. Aliniketisha, akanieleza kwamba mwili wa mume wangu ulikuwa umechoka kabisa, na kwamba hata ningepiga kelele mapema hakuna kitu kingebadilika. Nilimsikia. Sikumwamini. Mimi niliketi umbali wa mkono mmoja, macho yangu kwake, nikimtazama kuliko nilivyowahi kumtazama katika ndoa yetu yote, na akaenda, na sikuona. Nilikuwa naangalia mikunjo ya shuka.

Ile karatasi niliikunja nikaificha. Na mama mkwe wangu alipofika na kuniuliza mwanawe alikwendaje, nikadanganya. Nikamwambia nilikuwa nimemshika mkono. Ilitoka tu, kama mtu anavyosema niko salama akiulizwa habari. Lakini siku ya mazishi yule mama alisimama mbele ya watu wote akasema, nashukuru Mungu, mwanangu alikwenda ameshikwa mkono na mke wake. Watu wakanitazama kwa huruma. Mimi nikatazama chini kwenye udongo. Kutoka siku hiyo sikuwa na mahali pa kurudi.

Basi nikashindwa kuchora. Si kwamba mkono uliuma, ingawa ndivyo nilivyowaambia wale wa vitabu. Ilikuwa ni ule mkwaruzo. Nikigusa karatasi na penseli, nasikia ule ukimya mwingine chini yake, ule ambao ulipaswa kuwa na pumzi ya mtu. Nikaacha. Nikatafuta kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye nyumba za Muthangari, na nikafanya hiyo kazi karibu miaka mitatu. Si kazi mbaya. Lakini jioni moja binti yangu, alikuwa darasa la tatu, aliketi mezani akaanza kuchora ua la somo la sayansi. Kwaru, kwaru. Nilimpokonya ile penseli nikaivunja, nikatoka nje. Mtoto hakulia. Kutoka siku hiyo akawa anafanya kazi yake ya shule kwa kalamu ya wino, na michoro anaenda kuchorea kwa jirani. Mwalimu akiuliza kwa nini hatumii penseli, anasema amepoteza. Mtoto mdogo alijifunza kudanganya kwa ajili yangu. Hilo pia nalisema leo kwa sababu linaniuma.

Nimefika pale mambo yalipoanza kugeuka, na hayakugeuka mara moja, mnivumilie.

Ile ofisi ya vitabu ilikuwa inahama ghorofa, wakaniita nichukue vitu vyangu, brashi na chupa za wino. Nikamkuta mzee mmoja pale, mtu wa Ukambani, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga kurasa kwenye kompyuta. Alikuwa amefungua boksi sakafuni. Ndani kulikuwa na kitu kama sinia jembamba la plastiki, na kalamu isiyo na wino. Akaniambia hiyo ni tableti, kibao cha kuchorea. Unaiunganisha na kompyuta, unachora hapa chini, picha inatokea kule juu kwenye kioo. Wenye ofisi wameinunua na hakuna wa kuitumia, yeye mwenyewe hajui kuchora hata yai. Akaniomba nijaribu tu, amuone mtu akiitumia.

Nikakataa. Halafu nikaigusa. Ilikuwa laini. Nikavuta ile kalamu juu yake, na ndugu zangu, haikutoa sauti.

Niliketi pale pale.

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Mimi niliyechora miaka kumi nilitoa mstari unaotetemeka kama wa mtoto wa nasari. Mkono uko chini, macho yako juu, na havizungumzi. Nilikuwa natazama mkono, na mkono hauna kitu cha kuonyesha. Yule mzee akanipa ruhusa ya kuja kila siku saa za chakula cha mchana. Wiki nzima ya kwanza nilichora duara na mistari tu, mistari kutoka pembe hii hadi pembe ile. Nikajifunza kwamba ukikiweka kibao upande kidogo, kila kitu kinainama, ni lazima kikae sawa mbele ya kifua chako. Nikajifunza kwamba ukikandamiza kalamu mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Umeme ukipotea kabla hujahifadhi kazi, unaanza upya. Siku moja mzee alinionea huruma kwa vile kalamu ilikuwa inateleza, akabandika karatasi nyeupe juu ya kibao ili ishike vizuri. Wachoraji wengi hufanya hivyo. Nilivuta mstari mmoja, kwaru, nikaibandua ile karatasi kwa kucha. 

Baada ya miezi kadhaa ofisi ikanipa kazi, picha ya mkulima akivuna viazi. Nikachora mgongo, nikachora jembe, nikaja kwenye uso. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipotulia na kutazama kioo vizuri, alikuwa ni mume wangu. Macho yamefungwa. Ndevu za siku mbili.

Sasa kuna kitu kwenye hiyo mashine ambacho karatasi haina. Unabonyeza, na mstari wa mwisho uliochora unaondoka. Unabonyeza tena, ule wa kabla yake unaondoka. Haiachi alama. Nikabonyeza. Ndevu zikaenda. Sikio likaenda. Pua. Nikabaki na paji la uso peke yake, na wazo likaniingia ambalo sikuweza kulitoa: kwamba mahali fulani katikati ya mistari hii, alikuwa bado mzima.

Kesho yake nilienda na ile karatasi ya wodini. Nikamchora upya, kwa mpangilio ule ule, kuanzia paji la uso mpaka mkunjo wa mwisho wa shuka. Halafu nikaanza kurudi nyuma, mstari mmoja mmoja, nikiuliza. Hapa? Hapa? Kwenye pua alikuwepo? Nikifika mwanzo nachora tena. Kazi ya mkulima haikuisha. Nilifanya hivyo siku baada ya siku, mchana, watu wakipita nyuma yangu na vikombe vya chai, wanadhani nafanya kazi. Nilikuwa nimepata chombo cha kunitoa kaburini, na mimi nikakigeuza jembe la kulifukua.

Yule mzee ndiye aliyeona. Alisimama nyuma yangu akatazama nikimfuta na kumrudisha, sijui mara ngapi. Hakunihubiria. Alisema tu, "Hiyo si picha ya kitabu, mama. Na mimi simjui huyo. Enda uitazame na mtu anayemjua." Akarudi kwa meza yake.

Nilijua ni nani.

Jumapili ile nilimkuta mama mkwe wangu nyuma ya nyumba yake, hapo hapo Waithaka, akikatia ng'ombe majani. Nikamwita Mama, nikamwambia nina neno. Nikamwambia sikumshika mwanawe mkono. Nilikuwa namchora. Hata sikujua ameenda mpaka muuguzi akaja.

Akasema, "Uliniambia ulimshika."

"Nilidanganya, Mama."

Akarudi kukata majani. Alikata yote, akayapeleka kwa ng'ombe, akaosha panga, akanawa. Mimi nimesimama pale pale. Nilidhani ananifukuza kwa njia yake. Halafu akaja, mikono bado ina maji, akaniambia nimwonyeshe.

Nikafungua karatasi. Akaitazama muda mrefu. Akaweka kidole kwenye paji la uso, akaniuliza kama hapa alikuwa mzima. Nikasema ndiyo. Akaweka kwenye sikio. Nikasema sijui. Akaweka kwenye shuka. Nikasema, Mama, sijui, nimetafuta na sijui.

Akaketi juu ya kigoda chake. Akasema, "Siku hiyo mimi nilikuwa shambani napanda maharagwe. Watu husema mama huhisi. Mimi sikuhisi kitu. Nilipanda mpaka mstari wa mwisho, nikanywa uji." Akaitazama tena ile karatasi. "Wewe ulikuwa umemtazama. Usiniletee tena ule mkono. Niachie hii."

Hakunikumbatia. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Aliikunja ile karatasi akaiweka kifuani, akaniuliza kama nimekula.

Baada ya wiki chache aliniambia anataka picha nyingine, ya macho wazi. Na hapo nikagundua jambo la kutisha: sikuyakumbuka macho ya mume wangu. Yaliyofungwa yalikuwa yamekula yaliyofunguka. Basi nikamleta mjini, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akapanda ngazi zile zote, akaketi kando yangu mbele ya kioo. Akawa macho yangu. Ananiambia jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo, tangu utotoni. Hapana, si hivyo. Rudisha. Nyusi zilikuwa zimekaribiana kama za baba yake. Rudisha hiyo. Tulikaa mpaka ofisi ikafungwa, tukarudi kesho yake. Mzee wa kurasa alikuwa anatuletea chai na kujifanya hasikii tukilia.

Ilipoisha mama aliitazama akasema, "Huyu ni ndugu yake." Na ni kweli, haikufanana kabisa. Lakini alisema ichapishwe hivyo hivyo, na iko ukutani kwake. Mkulima wa viazi pia alikamilika. Yuko kitabuni. Nilimpa uso wa mtu nisiyemjua.

Naomba kushukuru. Namshukuru mzee yule, ambaye alinipa saa yake ya chakula mwaka mzima na hakuniuliza maswali zaidi ya yale niliyoweza kujibu. Namshukuru muuguzi, ambaye nilikataa kumwamini. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye magoti yamemzuia kuja leo lakini alijua nakuja kusema nini, na aliniambia niseme yote. Binti yangu nimemwomba msamaha, naye amesema sawa na amerudia penseli, ingawa bado huzichonga akiwa nje. Nawashukuru ninyi mlioniachia kiti hiki na kikohozi changu.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Kuna siku napiga pasi shuka na lazima niiweke chini. Swali langu halikujibiwa na halitajibiwa. Ninachojua ni kwamba nililibeba peke yangu miaka mingi nikidhani namficha mama yule maumivu, kumbe na yeye alikuwa na lake, la maharagwe, hana wa kumwambia. Kama umemficha mtu jinsi mpendwa wake alivyokwenda, mwendee. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi nilikwenda na karatasi iliyokunjika.

Na kama kuna mmoja hapa ambaye ameketi na neno kama langu, sitakutaja wala kukutazama sasa. Chai ikiletwa nitakuwa kwenye lile benchi la dirishani. Nitaacha nafasi kando yangu.