Maji ya Baada ya Mazoezi

Kijiwe chetu cha Miyuji kiko ubavuni mwa mashine ya kusaga ya Abdulswamadu. Ni ubao mrefu juu ya matofali, na unga unatuangukia mabegani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hatulalamiki, maana kivuli ni cha bure na mzee Mustapha analeta birika lake la kahawa mpaka pale pale. Alhamisi hiyo ya Oktoba, mwaka tisini na tatu, jua lilikuwa la kuchubua ngozi na tulikuwa wanne. Yotham tunamwita Waziri, kwa sababu alikuwa tarishi wizarani miaka kumi na tisa mpaka walipompunguza, na kaunda suti hajaivua hadi leo. Fahadi anauza nguo na viatu vya mitumba, basi ndiye Mitumba. Mrisho ni Kipenga, kocha wa timu yetu ya Mizabibu tangu mimi nikiwa na nywele kichwani. Mimi ni katibu wa timu, na jina langu ni hilo hilo, Katibu.

Kipenga alikuwa na daftari mapajani, kahawa yake inapoa. Wiki ya nane hiyo alikuwa anasoma kozi ya awali ya ukocha, ya watu wazima, Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, kwenye darasa la kuazima. Mtu wa miaka hamsini na mbili anabanana dawati moja na askari magereza, na mbele yao sista anayefundisha netiboli. Alikwenda kwa sababu Bi Shamimu, yule mwenye duka la jumla na basi la Kondoa, alisema atainunulia timu jezi na mipira ikiwa kocha ana cheti. Ndiyo mambo ya siku hizi, kila kitu kina mwenyewe na mwenyewe anataka karatasi. Wiki ya kwanza tulimcheka. Wiki ya tatu alianza kuwauliza wachezaji wamelalaje, nikaona huyu tumeshampoteza.

Sasa kipindi cha mwisho kilikuwa jioni hiyo, saa kumi na moja. Kila mwanafunzi alitakiwa asimame mbele ya wenzake, aeleze siku moja ya mazoezi aliyoiendesha vibaya, kilichotokea, na leo angefanya nini. Asiyesimama hapati cheti.

— Nitasema ya Joshua, alisema Kipenga.

Joshua alikuwa winga wetu wa kushoto. Mgogo wa Ipagala, fundi wa kujenga, miaka ishirini na sita, mke anaye. Miaka mitatu nyuma, Oktoba kama hii, tulikuwa mazoezini saa nane mchana, akaanguka karibu na mstari wa goli na hakuamka. Hospitali walisema moyo umesimama. Hawakusema umesimamishwa na nini. Hiyo sababu tuliitafuta wenyewe, tumekaa kwenye ubao huu huu, na tukaipata.

Nilimwambia Kipenga achague siku nyingine. Siku mbaya tunazo chungu nzima. Kuna ile aliyowalisha watu maharage asubuhi ya mechi, kuna ile aliyomkimbiza refa mpaka barabarani. Alifungua daftari, akalamba kidole, akasoma bila kuinua macho.

— Mchezaji apumzishwe kila robo saa, anywe maji. Jua likiwa kali apumzishwe zaidi. Akiomba maji, apewe.

Kila mtu pale alijua sheria ya Mizabibu: maji ni ya baada ya mazoezi. Maji yanajaza tumbo, yanakata pumzi, yanamfanya mtu mzito. Kipenga alifundishwa hivyo na kocha wake, naye akawafundisha hivyo vijana wetu kwa miaka kumi na tano, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpinga. Ndoo ilikuwepo pembeni ya uwanja siku zote, imejaa na kufunikwa, na wachezaji waliizunguka wakikimbia.

Waziri akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini. Alisema karatasi ya hospitali imeandika moyo, na moyo ni kazi ya Mungu, kozi haina mamlaka nao. Tena humo darasani yumo askari magereza.

— Utakuwa umejipeleka mwenyewe, Kipenga. Hata nauli ya kukupeleka watakuwa wameokoa.

Kipenga alisema hilo ameliwaza usiku kucha. Waziri alipoona hatishiki, akageukia viatu. Joshua alivinunua kwa Mitumba, sivyo? Vyekundu, vya Ulaya. Nani anajua vilikuwa vya nani? Yeye Waziri ana uhakika mwenye viatu alifia uwanjani kwao, amekuja kuvidai, akavikuta miguuni kwa Mgogo.

Fahadi aliweka kikombe chini polepole. Alisema viatu kama vile ameuza jozi mia na wenyewe wanatembea navyo mpaka leo, na biashara yake asichafuliwe na mtu ambaye suti yenyewe alinunua kwake kwa kulipa kidogo kidogo. Halafu, ili kujiondolea mzigo, akarudi kule kule tulikorudi siku zote.

— Mama mkwe wake, alisema. Tuache kuzunguka. Ni yule Bibi Hana.

Bibi Hana alikuwa mama wa mke wa Joshua, mwanamke wa Kolo, kule Kondoa, mjane, akiishi kwenye kijumba uani kwa bintiye na mkwewe pale Ipagala. Fahadi ndiye aliyesema, wiki ile ya msiba, kwamba kuna mtu ameona fisi amefungwa kamba nyuma ya kijumba cha yule mama, kama wanavyofuga wachawi. Sasa fisi huyo alikuwa ameshapata na ushanga shingoni. Tena bibi anampanda usiku kwenda Kolo na kurudi, basi la Bi Shamimu linamkuta amefika zamani, anakunywa uji.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kwa sauti kubwa, na nilimshukuru Fahadi moyoni kwa kuutoa mjadala kwenye maji.

Kipenga hakucheka. Alituuliza kama tunakumbuka maneno yale yalikwenda wapi yalipotoka hapa. Tulikumbuka sana. Yaliwafikia kaka zake Joshua. Arobaini haijaisha wakaezua paa la kijumba cha yule mama, wakamwambia arudi kwao. Tuliposikia tulitikisa vichwa, tukaagiza kahawa nyingine.

— Mimi nilijua, alisema Kipenga. Nilimwona anavyokimbia, jasho limemkauka. Mchezaji jasho likimkauka juani unamtoa. Nimekuja kufundishwa hivyo juzi, lakini macho yangu yaliona siku ile. Nikanyamaza kwa sababu fisi alinifaa.

Hapo nilimpandishia sauti. Nilimwambia kozi imemharibu akili. Kwamba mtu anajifunza ukocha ili ashinde mechi, haendi kusomea kutubu, na kama anataka kutubu Jumapili si mbali kwa sista wake. Nilimwambia timu itakufa, Bi Shamimu ataondoa mkono, na sisi sote tutaonekana wauaji mjini. Nilisema kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa woga mtupu. Waziri aliniunga mkono. Fahadi alisema Kipenga akisimama darasani, asitaje kijiwe.

— Shikamooni, wazee.

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye mlango wa mashine, kashika debe tupu, nyusi zimejaa unga. Tukaitikia marahaba kwa mazoea. Waziri ndiye aliyemtambua kwanza, nikaona kikombe kimemsimama mdomoni. Penina, mke wa Joshua. Mashine ya Ipagala ilikuwa imeungua mota wiki nzima, watu wa kule walikuwa wanasaga kwetu, na hakuna kati yetu aliyewaza kutazama foleni ndani.

Hakutukana, afadhali angetukana. Alimtazama Kipenga tu.

— Hebu soma tena, Mwalimu. Hapo pa maji.

Kipenga alisoma tena, mpaka kwenye neno apewe.

— Joshua aliomba?

— Aliomba, Penina. Nikamwambia amalize kwanza.

Penina alikaa juu ya debe lake. Alisema mama yake yuko Kolo mwaka wa tatu sasa, aliondoka na kuku wawili na godoro. Alisema shemeji zake walimpa achague, abaki kwenye nyumba ya mumewe au aende na mchawi, naye akabaki kwa sababu nyumba ile Joshua aliijenga kwa mikono yake. Hajaenda kumwona mama yake hata mara moja. Kuna usiku, alisema, na yeye alimwamini yule fisi. Hayo aliyasema taratibu bila chozi, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu akauliza.

— Aliomba mara ngapi?

Kipenga alisema alikuwa katikati ya uwanja, anapanga watu, hakuhesabu. Waziri alisema siku ile hakuwepo, jambo ambalo ni uongo. Fahadi alitazama sandali zake. Abdulswamadu aliita kutoka ndani kwamba unga wa mama wa Ipagala uko tayari, Penina hakugeuka. Alinigeukia mimi.

— Katibu, wewe ulikuwa pembeni. Unakumbuka?

Nilimwambia sikumbuki.

Kipenga alinitazama, akainuka na daftari lake, maana saa ilikuwa imekaribia. Penina alimwomba Abdulswamadu amtunzie unga, akamfuata. Alisema anataka kuyasikia yakisemwa mbele za watu, na kesho atapanda basi la kwenda Kolo. Waliondoka wawili, yeye mbele kidogo, na hatukuwaaga. Mzee Mustapha akauliza kama aongeze kahawa. Hakuna aliyesogeza kikombe.

Ni mara tatu. Mbili alimwomba Kipenga. Ya tatu alikuja kwangu, midomo imepasuka, akaniomba kwa kunong'ona, na mimi nilikuwa nimeikalia ile ndoo.