Bwana Alinipa Sehemu Niliyoikosa ya Wimbo wa Paulina

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa nyuma pia, mliokaa karibu na mlango, maana huko ndiko nilikokuwa nakaa mimi ili niondoke kabla mtu hajanipa mkono.

Naitwa Boay, mwenyeji wa Qurus, kule Karatu. Wengi mnanijua kwa gitaa hili. Leo nataka mjue nilikotolewa.

Mke wangu Paulina alifariki akijifungua, na mtoto akaenda naye. Tulikuwa hata mwaka hatujamaliza katika ndoa. Siku ya mazishi kwaya ilianza wimbo alioupenda yeye, wimbo aliokuwa akiuimba akichambua maharage. Walipoanza ubeti wa kwanza nilikuwa nimesimama. Kisha miguu ikaniishia. Kaka zangu walinibeba wakanipeleka ndani, wakanimwagia maji. Niliporudishwa kaburini walikuwa wanamalizia, na udongo ulikuwa umeshajaa. Ndugu zangu, katikati ya wimbo ule sikuwepo. Nawaomba mlishike hilo.

Nilikuwa nafanya kazi Ngorongoro, kwenye hoteli moja ya kitalii ukingoni mwa kreta. Nilirudi kazini haraka kwa sababu nyumbani kila kitu kilikuwa chake: kanga yake, kinu chake, hata alama ya kiganja chake kwenye ukuta aliokuwa ameukandika mwenyewe. Ndipo, mwaka ule wa sabini na saba, mpaka wa Kenya ukafungwa. Watalii, ambao wengi walipitia huko, wakakoma. Wapishi wakarudishwa makwao, wahudumu wakaondoka, na bendi iliyokuwa ikiwachezesha wazungu ikatawanyika. Meneja akauliza nani atabaki kulinda. Nikanyoosha mkono.

Nilibaki na vyumba vitupu. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka kreta ukaingia hadi kwenye veranda, nisione hata ua. Nyati walikuja kulala karibu na jiko. Nilifagia sakafu zisizokanyagwa na mtu. Nilikunja mashuka yasiyolaliwa. Kusali nikaacha, nilipopiga magoti niliona ni kama nabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kisha, ndugu zangu, nikaacha na kusema.

Sikuamua kunyamaza. Siku moja tu lori la unga lilikuja, na dereva akanisalimia vizuri. Nikafungua kinywa. Sauti haikutoka! Nikabaki natikisa kichwa.

"Boay, umekuwa bubu?" akaniuliza. "Panda twende Karatu, bwana. Hapa utakufa na hakuna atakayejua."

Nikatikisa kichwa tena. Akaondoka akiniangalia kwa kioo cha pembeni. Nilisimama pale mpaka mlio wa lori ukaisha, na hofu iliyoniingia siku ile sijawahi kuisimulia.

Katika stoo ya bendi lilibaki gitaa la mbao lililopasuka ubavuni. Uzi mmoja haukuwepo. Nikafunga waya wa breki ya baiskeli. Sikuwa nimewahi kushika gitaa maishani. Nililichukua ili tu ndani ya nyumba ile kuwe na kitu kinachotoa sauti. Mwalimu sikuwa naye, wala sikujua nyuzi hukazwa vipi. Nilikaza mpaka sikio langu likaacha kukasirika. Vidole vilivimba, vikatoa damu, vikaota sugu.

Na wimbo nilioutafuta ulikuwa mmoja tu. Niliupapasa sauti kwa sauti, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Mwanzo nikaupata. Haleluya! Siku hiyo nilicheka peke yangu. Mwisho nao nikaupata. Lakini katikati palikuwa patupu. Wimbo ambao mke wangu aliuimba kila jioni nilipokuwa nyumbani, nimesimama mlangoni namsikiliza, ulikatika kichwani mwangu palepale nilipoanguka kaburini! Nilifika pale, nikasimama, nikarudi mwanzo. Nikafika tena, nikasimama. Msimu mzima wa mvua uliisha nikiwa nagonga ukuta uleule. Siku nyingine nilitamani kulivunja gitaa.

Chini ya hoteli palikuwa na njia ya punda. Mama mmoja wa Kimasai, Nasieku, alipita pale kwenda kuchota maji. Nilimwona kwa mbali tu. Mnajua babu zetu Wambulu na babu zao walivyonyang'anyana ng'ombe. Sikuwa na neno naye. Lakini yeye alikuwa ananisikia. Asubuhi moja aliwaacha punda njiani, akaja mpaka kwenye ngazi za veranda, akasimama na fimbo yake.

"Wewe Mmbulu," akasema, "kila siku nasikia wewe. Ukifika pale, unarudi. Kwa nini unarudi?"

Nikamtazama. Nikafungua kinywa. Na neno likatoka, ndugu zangu, likiwa na kutu kama bawaba ya mlango!

"Nimesahau."

"Umesahau," akarudia. "Basi weka ya kwako, upite."

"Si ya kwangu. Ni ya mke wangu. Amekufa."

Hakunipa pole. Aliketi kwenye ngazi. "Mimi nimezika watoto," akasema. "Nyimbo yao naimba. Leo naimba hivi, kesho naimba vingine. Bado ni yao. Piga."

Nikapiga. Nilipofika pale pa kukatikia, mkono ukataka kurudi kama kawaida. Nasieku akaanza kuimba kwa Kimaa, wimbo nisioujua, chini chini. Sikuwa na nafasi ya kurudi, maana angeniacha. Nikamfuata. Sikujua kidole kinachofuata kitakwenda wapi. Nikakosea, nikateleza hadi sauti ya jirani, na hiyo ikakubali! Nikaikamata, nikaishika, nikaenda nayo mpaka nikajikuta nimetokea ng'ambo, kwenye ule mwisho ninaoujua. Nikaita, "Paulina!" Nikaita, "Bwana!" Sijui lipi lilitangulia. Nililia mbele ya mama yule bila aibu.

"Yeyo, asante," nikamwambia, kwa lile jina ambalo kwao humwita mama.

"Jumapili tunasali," akajibu akiinuka. "Hakuna gitaa. Njoo."

Nilikwenda. Hawakuwa na kitabu cha nyimbo hata kimoja. Mtu alianzisha, wengine wakaitikia, nami nikawafuata kwa sikio, nikipotea na kurudi. Hakuna aliyenicheka. Jioni nilirudi kwenye vyumba vyangu vitupu, na upweke ulikuwepo, siwadanganyi. Lakini nilipiga magoti, na safari hii nilijua kuna mwenye nyumba.

Lori lilipokuja tena niliomba ruhusa, nikapanda na gitaa langu hadi Qurus, kwa mama mkwe. Tangu mazishi sikuwa nimeweza kuingia ua ule. Alinikaribisha, akaniwekea kigoda. Nikampigia wimbo wa binti yake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Pale katikati siyo hivyo, mwanangu," akasema.

"Najua, mama. Pale sikuwepo."

Akaimba yeye, polepole, sehemu yote niliyoikosa, mpaka nikaishika. Nikaupiga wote kama ulivyo, toka mwanzo hadi mwisho. Akafuta macho kwa upande wa kanga.

"Sasa unaujua," akaniambia. "Haya, nipigie tena ule wako."

Namshukuru Mungu aliyenifungua kinywa! Namshukuru kwa Nasieku, kwa mama mkwe wangu, na kwa ninyi mliosikiliza. Na wewe ndugu unayekaa peke yako na jambo lililokatikia katikati, usingoje mpaka ukumbuke lote. Mwite Bwana kwa hicho kipande ulicho nacho, atakutana nawe hapohapo. Mimi ni shahidi.

Sasa atakayependa aanzishe wimbo, wowote ule, kwa sauti yake mwenyewe. Nitamfuata.